Pesa Imeingia, Mali Haijatoka: Somo la Kupokea Malipo Kwenye Tovuti ya Biashara Ndogo

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyekuwa mfanyabiashara mwaminifu kabla hata ya kupewa utume.

Ama baada ya hayo. Ndugu wasomaji, wengi wetu hapa chuoni tunauza kitu. Huyu anauza mitandio, yule asali kutoka kwao, mwingine anachapisha maandishi kwenye fulana. Siku hizi si ajabu mwanafunzi kuwa na tovuti yake yenye picha, bei na kitufe cha kulipia. Somo letu la leo linahusu kitufe hicho. Nitaeleza namna kinavyofanya kazi, lakini kwanza nieleze kwa nini nimeona ni lazima tukisome kwa jicho la fiqhi na si kwa jicho la ufundi peke yake.

Kilichonitokea

Ramadhani moja niliweka kanzu kwenye tovuti yangu. Chumbani hosteli nilikuwa nazo 9. Nilikuwa nimeunganisha malipo ya simu, mtu anabonyeza, anaweka namba yake ya siri, pesa inaingia. Nilifurahi mno kuona malipo yakiingia usiku nikiwa kwenye tarawehe. Kufikia usiku wa 27 waliolipa walikuwa 14.

Tovuti haikuwa ikihesabu kanzu zilizobaki. Nilikimbilia Kikuubo nikidhani nitazipata kwa jumla, nikakuta saizi zile zimekwisha, kwani kila mtu Kampala alikuwa akitafuta kanzu wiki ile. Nikapata 3 za kitambaa kingine, wenyewe wakazikubali. Wawili hawakupata kitu. Mmoja wao alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyelipia kwa pesa aliyotumiwa na mama yake. Siku ya Idi alikuja msikitini na kanzu ya mwaka uliopita, fupi kwenye miguu. Tulisalimiana, wala hakunitajia jambo lile. Pesa yake niliirudisha siku 9 baadaye, kwa sababu sehemu nilikuwa nimeshaitumia kununulia mali nyingine.

Nilipomweleza sheikh anayetusomesha darsa, hakunikemea. Aliniuliza tu, "Mwanangu, ulipopokea pesa ya yule kijana, ulimuuzia nini?" Nikasema kanzu. Akauliza, "Kanzu ipi?" Nikakosa jibu. Makala hii ni majibu niliyoyapata baada ya kusoma naye, pamoja na niliyojifunza kwa mafundi.

Pesa inavyosafiri

Tuanze na ufundi, maana hukumu hufuata baada ya kulijua jambo lenyewe.

Hapa Uganda pesa za simu tumezizoea tangu MTN ilipoanzisha huduma yake mwaka 2009, miaka 2 baada ya M-Pesa kuanza Kenya. Airtel nao wana yao. Mwenye duka dogo anaweza kuomba namba ya mfanyabiashara moja kwa moja kwa kampuni ya simu. Lakini akitaka tovuti yake ipokee mitandao yote ya simu pamoja na kadi za benki, kwa kawaida hupitia kampuni ya kati inayokusanya malipo. Kuna kadhaa zinazofanya kazi hapa, kama Pesapal iliyoanzia Kenya na Flutterwave yenye asili ya Nigeria. Kampuni za namna hii ziko chini ya Sheria ya Mifumo ya Taifa ya Malipo ya mwaka 2020, na mwenye kuzipa leseni ni Benki Kuu ya Uganda. Kabla ya kujiunga na kampuni yoyote, hakikisha ina leseni hiyo.

Mteja akibonyeza "lipa", hatua huwa hizi:

1. Tovuti yako inatengeneza oda yenye namba yake na kiasi chake, kisha inapeleka ombi kwa kampuni ya malipo.
2. Kampuni inatuma ombi kwenye simu ya mteja. Mteja anaona kiasi, anaweka namba ya siri. Kama ni kadi, anapelekwa kwenye ukurasa wa kampuni hiyo kujaza namba za kadi, na mara nyingi benki yake humtaka athibitishe kwa namba ya muda mfupi inayotumwa kwenye simu.
3. Mtandao wa simu au benki inajibu: imekubali, imekataa, au bado inasubiri.
4. Seva ya kampuni inatuma ujumbe kwa seva ya tovuti yako kuitaarifu matokeo ya oda ile.
5. Pesa inakaa kwenye salio lako kwa kampuni ya malipo. Baada ya muda uliokubaliwa kwenye mkataba, huhamishiwa akaunti yako ya benki au ya simu, ikiwa imekatwa ada.

Tazama vizuri hatua ya 5. Mteja ameshatoa pesa. Wewe hujaishika mkononi. Na mali bado iko kwako, au haipo kabisa. Hapo ndipo swali la sheikh linapoingia: ni mauzo ya namna gani yaliyofanyika?

Je, kuuziana kwa tovuti kunasihi?

Kunasihi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lililo Jeddah lilitoa azimio mwaka 1990, namba 52, kuhusu mikataba inayofungwa kwa maandishi na vyombo vya mawasiliano, kompyuta ikiwemo. Lilikubali kwamba mkataba unafungika pale pendekezo la upande mmoja linapomfikia wa pili naye akakubali. Lilitoa nje mambo machache kwa sababu ya masharti yake: ndoa, kwa sababu ya mashahidi, kubadilishana fedha, kwa sababu ya kukabidhiana papo hapo, na mauzo ya salam, kwa sababu ya sharti la kutanguliza thamani. Hilo la salam tutalirudia.

Azimio lililofuata, namba 53, lilizungumzia kukabidhi. Lilieleza kuwa pesa kuingizwa kwenye akaunti ya mtu ni katika njia za kuipokea, hata kama hajaishika. Kwa hiyo kampuni ya malipo ikipokea kwa niaba yako, ni wakili wako, na alichopokea wakili umepokea wewe. Huwezi kumwambia mteja, "Pesa yako haijanifikia, iko kwa kampuni." Kwake yeye ameshalipa, na wewe umeshawajibika.

Kanzu ipi? Aina za mauzo kwenye tovuti

Sheikh alinigawia bidhaa za tovuti katika mafungu manne. Nakushauri ufanye hivyo kwa bidhaa zako zote, moja baada ya nyingine.

Fungu la kwanza ni mali iliyopo, ni yako na iko chini ya mkono wako. Unazo kanzu 9, unauza 9. Hapa wanachuoni wametofautiana kuhusu mnunuzi kutoiona mali kwa macho. Mahanafi wanaruhusu na kumpa mnunuzi hiari ya kukubali au kurudisha atakapoiona. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, kauli yenye nguvu ni kutosihi kuuza kitu mahususi ambacho mnunuzi hajakiona, lakini wanaruhusu kuuza kitu kilichoelezwa sifa zake na kuwekwa katika dhima ya muuzaji. Matokeo ya kauli zote mbili kwa mwenye tovuti yanakaribiana: eleza sifa kwa ukamilifu, na mpe mteja haki ya kurudisha ikiwa alichopokea si kile ulichoeleza.

Fungu la pili ni mali ambayo hunayo, lakini unaahidi kuileta kwa sifa maalumu na tarehe maalumu, na mteja analipa yote sasa. Hii ndiyo salam. Amepokea Ibn Abbas (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende mwaka mmoja au miwili kabla, naye akawaelekeza kuwa mwenye kufanya hivyo ataje kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana. Sharti jingine ni thamani kutangulizwa yote katika kikao cha mkataba. Ndiyo maana azimio la Jeddah liliiweka pembeni. Sheikh wetu anaona kuwa malipo ya simu yanayokamilika palepale yanatimiza sharti hilo, lakini kulipa nusu sasa na nusu baadaye hakulitimizi. Na katika salam huuzi "kanzu hii ya kwenye picha". Unauza kanzu yenye kitambaa fulani, rangi fulani, saizi fulani, itakayokabidhiwa tarehe fulani, tena iwe ni kitu ambacho kwa kawaida kinapatikana tarehe hiyo.

Fungu la tatu ni mali ya kutengenezwa kwa agizo: kanzu inayoshonwa kwa vipimo vya mteja, fulana yenye jina la klabu, keki ya walima. Mahanafi wameuita mkataba huu istisnai, na Baraza la Jeddah liliukubali kwa azimio namba 65 la mwaka 1992, likaruhusu malipo yake yatangulie, yacheleweshwe au yagawanywe kwa awamu. Kwa fundi wetu wengi hili ndilo fungu linalowafaa. Sharti ni kubainisha aina, sifa, kiasi na muda.

Fungu la nne ni kulipa ukipokea. Mteja anaagiza, bodaboda inapeleka, analipa mlangoni. Hapa hakuna salam, kwa kuwa thamani haikutangulia. Namna iliyo salama ni kuihesabu oda kuwa ahadi tu, na mauzo yenyewe yanafanyika pale mlangoni anapoiona mali na kuilipia. Kwa mwanafunzi anayeanza, njia hii ni nyepesi kwenye dhima yake, ingawa nauli ya bodaboda inaweza kupotea mteja akikataa.

Mimi nilifanya nini? Nilichukua pesa kana kwamba niko fungu la kwanza, huku kanzu 5 kati ya zile 14 hazikuwepo. Hilo linafanana na kisa cha Hakim bin Hizam (R.A.), aliyemweleza Mtume (S.A.W.) kuwa watu humjia wakitaka kitu ambacho hana, akawauzia kisha akaenda kukinunua sokoni. Mtume alimkataza kuuza asichokuwa nacho. Wenzetu wanaoweka kwenye tovuti picha za bidhaa za maduka ya watu, wapokee pesa ndipo waende kununua, wasome kisa hiki kwa makini. Wanayo njia ya halali: wawe wakala wa mteja kwa ujira unaojulikana, yaani "nipe pesa nikakununulie, ujira wangu ni kiasi hiki". Au waifanye salam kwa masharti yake yote.

Kuitengeneza tovuti ifuate hukumu

Hukumu bila utekelezaji haitamsaidia mteja. Haya ndiyo niliyoyarekebisha.

Kwanza, tovuti ihesabu mali. Ikiwa unatumia WordPress na programu ya WooCommerce, kuna sehemu ya kuwasha hesabu ya bidhaa. Ukiandika 9, ya 9 ikilipiwa kitufe kinafungwa. Kuna pia sehemu ya kuandika dakika ambazo bidhaa itashikwa kwa oda ambayo haijalipwa, ili watu wawili wasilipie kanzu moja. Na ukiuza kanzu moja kwa mkono hosteli, punguza hesabu kwenye tovuti saa ileile. Kosa hili dogo ndilo linaloleta madeni.

Pili, kila bidhaa iwe na maandishi yanayoonyesha iko fungu gani: "Ipo, inatumwa ndani ya siku 2", au "Inashonwa, siku 10 tangu kulipia". Bei iandikwe yote, na nauli ijulikane kabla ya kulipa. Kumwongezea mteja gharama baada ya pesa kuingia ni kuvunja mapatano.

Tatu, aibu ya bidhaa isifichwe. Tunakijua kisa cha muuza nafaka ambaye Mtume (S.A.W.) aliingiza mkono kwenye lundo lake akakuta chini pamelowa, akamwambia auweke unyevu juu watu wauone. Picha iliyotiwa mwanga hadi kitambaa cha kawaida kikaonekana hariri ni lundo lile lile. Piga picha mchana, karibu na dirisha, na kama kuna doa lipige picha pia.

Nne, jitambulishe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Uganda ya mwaka 2011 inamtaka muuzaji ampe mnunuzi taarifa kama jina lake, anwani yake, maelezo ya bidhaa na bei kamili. Tovuti isiyo na jina la mtu wala mahali pa kumpata haifai kwa Muislamu anayetaka kuaminiwa.

Thibitisha kabla ya kutuma

Tumekwishasikia matapeli wanaotengeneza ujumbe mfupi wa uongo unaofanana na ule wa kampuni ya simu, au wanaotuma picha ya skrini kuonyesha wamelipa. Muuzaji anatoa mali, akiangalia salio hakuna kitu. Mwenyezi Mungu ametuamuru katika Surat al-Hujurat, aya ya 6, tuhakikishe habari kabla ya kuifanyia kazi. Kwa mwenye tovuti, kuhakikisha ni mambo haya:

Usitegemee ukurasa wa "asante, umelipa" unaofunguka kwenye simu ya mteja. Ukurasa huo mtu mjanja anaweza kuufungua bila kulipa. Usitegemee pia ujumbe wa seva peke yake. Ujumbe ukifika, tovuti yako iiulize kampuni ya malipo, "Oda namba fulani imelipwa? Kiasi gani? Sarafu gani?" Majibu yalingane na oda yako. Kuna waliolipa shilingi 600 kwa oda ya shilingi 60,000 na mali ikatoka, kwa sababu tovuti iliangalia neno "imelipwa" bila kuangalia kiasi.

Ujumbe wa seva unaweza kuja mara mbili kwa malipo mamoja, mtandao ukisumbua. Tovuti iwe na kumbukumbu kwamba oda hii imeshashughulikiwa, isije ikatuma kanzu mbili.

Malipo yakiwa katika hali ya kusubiri, usiseme yamefeli wala yamefaulu. Mwambie mteja asubiri, asilipe tena. Na akilipa mara mbili kwa bahati mbaya, ile ya pili si riziki. Ni amana mkononi mwako, irudishe kabla hajaidai.

Na kabla ya kufungua tovuti kwa watu, kampuni nyingi hutoa mazingira ya majaribio yasiyotumia pesa halisi. Jaribu malipo yaliyofaulu, yaliyokataliwa na yaliyokatika katikati. Usiwafanye wateja wa mwanzo kuwa ndio majaribio yako.

Ada na marejesho

Wengine huuliza: asilimia inayokatwa na kampuni ya malipo si riba? Riba ni ziada juu ya deni au katika kubadilishana fedha. Ada hii ni ujira wa kazi, yaani kupokea, kuhamisha na kuhakiki, na wewe ndiye unayemlipa wakili wako. Cha kuogopa ni pale kampuni inapokupa mkopo wa kukuza biashara kwa kuangalia mauzo yako, kisha inakata zaidi ya ilichokupa. Huo uuchunguze na kuuliza wenye elimu kabla ya kubonyeza "kubali".

Hata hivyo ada lazima iingie kwenye hesabu. Tuchukue mfano. Kanzu unaiuza shilingi 60,000, na tuseme kampuni inakata asilimia 3. Ada ni 1,800, unabaki na 58,200. Ukiwa umeinunua 50,000, faida si 10,000 bali 8,200, kabla ya mfuko na usafiri. Ukumbuke pia ushuru wa serikali: mwaka 2018 ulianza kwa asilimia 1 ya miamala ya pesa za simu, kisha mwaka huohuo ukapunguzwa kuwa asilimia 0.5 ya pesa inayotolewa. Kwa kiwango hicho, ukitoa shilingi 500,000 kwa wakala, ushuru peke yake ni 2,500. Kumlipa muuzaji wa jumla kwa simu moja kwa moja, badala ya kutoa taslimu, kunakuepusha nao.

Sasa mteja akirudishiwa pesa, nani abebe ile 1,800? Ikiwa kosa ni lako, umekosa mali au umetuma yenye kasoro, mteja arudishiwe 60,000 kamili, na ada iwe hasara yako. Usimrudishie 58,200 ukisema "wamekata". Hakuwa na mkataba na hao. Alikuwa na mkataba na wewe. Ikiwa mteja amebadilisha nia tu na wewe umekubali kumrudishia kwa hisani, mnaweza kukubaliana vingine, lakini mapatano hayo yaandikwe kwenye tovuti kabla ya kulipa.

Kwa hiyo nimejiwekea kanuni moja: pesa ya oda ambayo haijakabidhiwa siigusi. Ninayo daftari yenye safu mbili, "imelipwa" na "imekabidhiwa". Tofauti ya safu hizo ni deni langu, na kiasi kama hicho lazima kiwepo kwenye akaunti. Kwa aliyepokea salam au istisnai, anaweza kutumia pesa hiyo kununua kitambaa na kumlipa fundi, kwani ndivyo mikataba hiyo ilivyokusudiwa. Lakini atumie kwa kazi ile ile, si kwa kodi ya hosteli.

Aya ya 282 ya Surat al-Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, inahusu kuandika madeni. Tovuti imeturahisishia, kila oda inajiandika yenyewe kwa tarehe na saa. Hifadhi kumbukumbu hizo, pamoja na uthibitisho kuwa mali imekabidhiwa. Mteja wa kadi anaweza kulalamika kwa benki yake kuwa hakupokea kitu, na benki ikakuvuta pesa. Bila maandishi huna cha kujitetea.

Siri za wateja

Namba za kadi za watu usizipokee wala usizihifadhi. Acha mteja azijaze kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo. Kanuni za kimataifa za usalama wa kadi, ziitwazo PCI DSS, zinakataza kuhifadhi zile tarakimu za siri za nyuma ya kadi baada ya malipo kuidhinishwa, hata kwa makampuni makubwa. Anwani ya tovuti yako ianze na https. Funguo za siri ulizopewa na kampuni ya malipo zikae kwenye seva, zisiandikwe kwenye ukurasa ambao kila mtu anaweza kuusoma, wala usimtumie rafiki kwa WhatsApp akusaidie kutengeneza.

Majina, namba za simu na mahali wanapoishi wateja, hasa dada zetu, ni amana. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtu zitumike kwa lile alilozitolea. Alikupa namba umletee mtandio. Hakukupa ili umpe bodaboda ahifadhi na kumsumbua usiku.

Hitimisho

Ndugu zangu, kujifunza kuunganisha malipo kunaweza kuchukua siku mbili, na hapa chuoni wapo wengi wa kukusaidia. Lakini kitufe hakiulizi kama unayo mali. Kitapokea pesa ya watu 14 kwa kanzu 9, nawe umelala. Kila anayelipa kabla ya kupokea amekuachia haki yake katika dhima yako, na haki ya mja haisamehewi mpaka mwenyewe asamehe au alipwe. Yule kijana nilimwomba radhi na alinisamehe, alhamdulillah. Kanzu ya Idi ile sikuweza kumrudishia.

Anza leo: fungua tovuti yako, chukua bidhaa ya kwanza, ujiulize swali la sheikh.

Maswali ya kujadili kwenye darsa

1. Dada anauza asali. Anayo lita 20, lakini mavuno ya lita 40 yanatarajiwa mwezi ujao. Aandike nini kwenye tovuti kwa lita 20 za kwanza, na nini kwa zile 40?
2. Mteja amelipa nusu ya bei ya kanzu ya kushonwa kwa vipimo vyake. Ni mkataba gani unaoruhusu hilo, na upi hauruhusu?
3. Malipo ya shilingi 45,000 yameingia mara mbili kwa oda moja, na mteja hajagundua. Muuzaji afanye nini, na ada ya kurudisha abebe nani?
4. Fungua daftari la biashara yako au ya rafiki yako. Jumla ya pesa za oda zilizolipwa na hazijakabidhiwa ni kiasi gani? Je, kiasi hicho kipo?

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.